Jiko la Frankfurt Katika Miaka ya Msukosuko

Tarehe za mataifa huandikwa aghalabu kwa habari za vita, mabaraza na wakuu wa dola. Jiko halina mwandishi wa tarehe, wala moshi wake haupandi mpaka kwenye maktaba. Walakini jikoni ndiko kila msukosuko unakomaliza safari yake. Fedha ikipoteza thamani, unga hupungua mtungini. Vita vikizuka, makaa huadimika. Kazi zikikosekana mjini, chungu huinjikwa mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Basi mtu atakaye kujua jinsi watu wa kawaida walivyopita katika miaka migumu hana budi kuingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja katika mifano iliyo wazi kabisa ni ule wa mji wa Frankfurt, kando ya mto Main katika Ujerumani, ambako kati ya mwaka wa 1926 na mwaka wa 1930 majiko ya maelfu ya watu yalijengwa upya kwa mpango mmoja, ilhali nchi yenyewe haikuwa na utulivu.

Ujerumani ilishindwa vitani mwaka wa 1918. Mfalme wake alikimbia, na jamhuri changa ikasimama juu ya msingi wa madeni na manung'uniko. Katika Aprili 1920 majeshi ya Ufaransa yaliingia Frankfurt yakakaa kwa majuma kadhaa. Kisha ukaja mwaka wa 1923, ambao fedha ya nchi iliporomoka kwa namna ambayo akili hupata taabu kuifuata: katika Novemba ya mwaka ule, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Akiba ya maisha mazima haikuweza kununua mkate. Tena nyumba hazikutosha. Wakati wa vita ujenzi ulikuwa umesimama, na amani ilipokuja askari walirudi, wakaoa, wakakosa mahali pa kuishi.

Jiko la mfanyakazi wa zama zile halikuwa chumba cha kupikia tu. Familia nyingi zilipika humo, zikala humo, zikafua na kuogea humo, na wengine wakalala humo, kwa kuwa moto wa kupikia ndio uliokuwa moto pekee wa kuotea baridi. Mvuke wa nguo ulichanganyika na harufu ya kabeji. Mtoto mgonjwa alilazwa karibu na sufuria. Madaktari waliliogopa jiko la namna hii kwa sababu ya kifua kikuu. Wakaaji wake waliyajua mabaya yake kuliko madaktari, lakini walijua pia kuwa ndipo mahali pekee pa nyumba palipokuwa na joto na mazungumzo.

Meya wa Frankfurt tangu mwaka wa 1924 alikuwa Ludwig Landmann, mtu aliyeamini kuwa mji hauna heshima ikiwa watu wake hawana makao. Mwaka wa 1925 alimwita msanifu wa majengo Ernst May, mzaliwa wa mji uo huo, akampa madaraka makubwa juu ya ujenzi. Fedha zilitoka mahali pa ajabu. Wenye majumba ya zamani walikuwa wamefutiwa madeni yao na mporomoko ule ule wa fedha uliowafukarisha wenye akiba. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1924 serikali iliwatoza kodi maalumu, na sehemu ya kodi hiyo ikajenga nyumba mpya. Hivyo msukosuko, ambao ulivunja nyumba nyingi, ndio pia uliotoa matofali ya nyumba nyingine. Katika muda wa miaka 5 May na wenzake walijenga makao yapatayo 12,000.

Miongoni mwa wenzake hao alikuwamo Margarete Lihotzky, aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1897, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea usanifu wa majengo katika Austria. Alikwisha kufanya kazi mjini mwake pamoja na Adolf Loos, katika kuwajengea nyumba watu waliokuwa wakilala ovyo pembezoni mwa mji baada ya vita. May alimwita Frankfurt mwaka wa 1926, akapewa kazi ya kubuni jiko. Mwaka uliofuata aliolewa na msanifu mwenziwe, Wilhelm Schütte, na tangu hapo akajulikana kwa majina yote mawili. Wengi walidhani kuwa amechaguliwa kwa sababu mwanamke anajua mambo ya jikoni. Yeye mwenyewe alisema baadaye, bila haya, kwamba kabla ya kazi ile hakuwahi kutunza nyumba wala kupika. Alilitazama jiko kama fundi anavyoitazama karakana.

Na karakana ndiyo iliyokuwa kielelezo chake. Katika Marekani, Frederick Taylor alikuwa amefundisha kuipima kazi ya kiwandani kwa saa, kila mwondoko wa mkono na kila hatua ya mguu. Bibi mmoja wa huko, Christine Frederick, aliyahamisha mafunzo hayo mpaka jikoni katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1913, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kijerumani. Lihotzky aliyasoma. Alilichunguza pia jiko la behewa la kulia chakula katika treni, ambamo wapishi wachache huwalisha abiria wengi katika nafasi finyu, bila kupoteza hatua wala kugongana viwiko.

Jiko lililozaliwa kwa fikira hizo lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa karibu mita 3.4. Mwisho wake palikuwa na dirisha, na chini ya dirisha meza ya kukatia mboga, ili mpishi apate mwanga wa mchana. Mbele ya meza palikuwa na kigoda cha kuzunguka, maana si lazima mtu amenye viazi akiwa amesimama. Katika meza mlikuwa na chombo cha kupokea maganda. Upande mmoja palikuwa na karo la kuoshea na kichanja cha kukaushia sahani. Upande wa pili jiko la gesi na ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani. Taa ilining'inia katika reli juu ya dari, ikasogezwa ilikotakiwa. Mchele, sukari na vitu vingine vikavu viliwekwa katika vyombo vya alumini vyenye mkono na mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina lake. Unga uliwekwa katika chombo cha mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo huwafukuza wadudu. Hata rangi ya kabati, buluu inayoelekea kijani, ilichaguliwa kwa sababu iliaminika kwamba nzi hawaipendi. Mlango mpana wa kusukuma kando ulitenga jiko na sebule, na mama aliweza kuuacha wazi akawaona watoto.

Majiko yapatayo 10,000 ya namna hii yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Haifai kuudharau wema wake. Mwanamke aliyekuwa akibeba makaa ngazi kwa ngazi, sasa alifungua bomba la gesi. Maji yalikuwa ndani. Mvuke ulikuwa na mahali pa kutokea. Kabati hazikulipiwa siku moja kwa fedha nyingi, bali zilikuwa sehemu ya nyumba, na gharama yake iliingizwa katika kodi ya kila mwezi. Lihotzky alitumaini kuwa saa zitakazookolewa jikoni zitampa mwanamke nafasi ya kusoma, kupumzika, kulea na kufanya kazi ya mshahara. Wanawake wa Ujerumani walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwishoni mwa 1918. Jiko lile lilikusudiwa kuwapa wakati wa kuitumia haki hiyo.

Walakini kuna methali isemayo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapishi walipoingia katika vyumba hivyo vipya, waligundua mambo ambayo saa ya kupimia hatua haikuyaonyesha. Vyombo vya sukari na unga vilikuwa chini, mahali ambapo mkono wa mtoto mdogo ulifika kwa raha. Majina yaliyoandikwa juu yake yaliamrisha kila kitu kikae hapo na si kwingine, hata katika nyumba ambayo haikula mchele. Wengine walitamani kuingiza meza ya kulia jikoni, kama walivyozoea, nayo haikuenea. Ilibidi mji uwafundishe watu kuishi katika nyumba zao wenyewe, kwa maonyesho, mihadhara na hata filamu. Mafunzo hayo yalishuka kutoka kwa wasanifu kwenda kwa wapishi. Kutoka kwa wapishi kwenda kwa wasanifu yalipanda machache sana.

Kubwa kuliko yote, jiko lile lilikuwa la mtu mmoja. Mama na binti hawakuweza kupika pamoja, wala jirani hakupata pa kukaa akichambua maharagwe huku akitoa habari za mtaani. Kazi ilipungua, lakini mfanyakazi alibaki peke yake. Mume aliyetaka kusaidia aliambiwa na kuta zenyewe kwamba hana nafasi. Figa moja haliinjiki chungu, wasema Waswahili. Mpango wa Frankfurt ulijaribu kuliinjika chungu kwa figa moja lililotengenezwa vizuri mno. Aliyebuni alikusudia kumkomboa mwanamke. Pamoja na hayo, jiko lake lilichukua kama jambo lisilo na mjadala kwamba mpishi ni mwanamke, na kwamba ataendelea kuwa yeye.

Ndipo msukosuko wa pili ulipobisha hodi. Katika mtaa wa Römerstadt, uliojengwa kati ya mwaka wa 1927 na 1929, majiko yalikuwa ya umeme, jambo la fahari kubwa wakati ule. Wakaaji walilalamika kuhusu gharama ya umeme. Kodi za nyumba mpya zilikuwa juu ya uwezo wa mafukara, ambao kwa ajili yao mradi ulihubiriwa. Walioingia wengi walikuwa makarani na mafundi wenye mshahara wa hakika. Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka wa 1929, hakika hiyo ilitoweka. Mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi katika Ujerumani. Jiko lililopangwa ili liokoe dakika lilijikuta katika nyumba za watu ambao dakika ndizo kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi. Hapana kabati iwezayo kumsaidia mpishi ambaye hana cha kupika.

Wajenzi wenyewe walitawanyika. Katika 1930 May, Lihotzky na mumewe walikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na wenzao, kupanga miji mipya ya viwanda. Landmann, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, aliondoka katika umeya mwaka wa 1933 Wanazi walipotwaa madaraka. Mwaka wa 1939 alikimbilia Uholanzi, na huko akafa mafichoni katika Machi 1945, wakati wa majira ya njaa kuu. Meya aliyetaka kila nyumba iwe na jiko jema alimaliza siku zake mahali ambapo chakula kilikuwa kimekwisha. Lihotzky alijiunga na upinzani wa siri dhidi ya Wanazi. Alirudi Vienna mwishoni mwa 1940, akakamatwa katika Januari 1941, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Majeshi ya Marekani yalimfungulia mwaka wa 1945.

Ernst May, ambaye hakuweza kurudi kwao, alifika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1934 alianza kilimo katika Tanganyika, karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi akarudia kazi yake ya usanifu. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Baada ya kuachiliwa alitunga mpango wa kuupanua mji wa Kampala, na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilitokana na michoro yake. Lakini mtu yule aliyewahi kuwapangia wafanyakazi wa Frankfurt makao ya usawa, huku alipanga chini ya dola ya kikoloni, na mpango wa Kampala ulikubali desturi ya kuyaweka makazi ya Waafrika mbali na ya Wazungu na Waasia. Kufikia mwaka wa 1954 alikuwa amerudi Ujerumani. Ustadi wa mchoraji ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni bwana wa kazi na hesabu yake ya nani astahili nini.

Majiko mengi ya Frankfurt yaling'olewa miaka ya baadaye, wapangaji walipotaka vyombo vya kisasa zaidi. Machache yaliyosalia sasa hutunzwa katika majumba ya makumbusho, na watu hulipa kuyatazama. Lihotzky aliishi hata Januari 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 103, naye alichoka kuulizwa habari za jiko lile peke yake, kana kwamba shule za watoto alizozichora na miaka aliyofungwa havikuwa kitu.

Hapana ubaya katika kutengeneza jiko wakati dunia inayumba. Huenda ndiyo kona pekee ambayo mtu aweza kuipanga. Lakini habari ya Frankfurt yafundisha kwamba utulivu wa jiko hautoki katika kabati zake. Watoka katika mshahara unaofika, kodi inayolipika, serikali isiyowafukuza watu wake, na sauti ya mpishi inayosikizwa kabla ya fundi kuchukua kipimo. Mji ule uliujenga ukuta vizuri na kuweka kila kijiko mahali pake. Mambo mengine hayo manne hayakuwa katika mchoro.