Kitengela: Mji Uliouzwa Ploti kwa Ploti

Kajiado na Kitengela ziko kaunti moja, kando ya barabara moja iendayo Namanga, lakini anayezizunguka kwa miguu huona tofauti mara moja. Kajiado ina katikati yake. Ukishuka garini unajua soko liko wapi, ofisi za serikali ziko wapi, msikiti uko wapi, na kote huko utafika bila kumuuliza mtu wa bodaboda bei. Kitengela ni ndefu. Imejipanga kando ya lami kwa kilomita kadhaa, duka baada ya duka, na nyuma ya maduka hayo mitaa inaingia ndani, kila mmoja na mdomo wake: Milimani, Chuna, Acacia, New Valley, Yukos. Ukitaka kutoka mtaa mmoja kwenda wa jirani, mara nyingi utalazimika kurudi barabara kuu kwanza, hata kama paa la nyumba unayoiendea unaliona. Mimi ni mkazi wa hapa. Duka langu, kinyozi wangu na fundi wangu wa viatu nawafikia kwa miguu, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa nyayo. Na kadiri ninavyoisoma historia ya ardhi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba shida ya kutembea Kitengela ilianza kabla ya duka la kwanza la ghorofa kusimama.

Tuanze na Kajiado. Mji huo ulizaliwa na reli. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakasukumwa kwenye eneo moja la kusini. Wakati huohuo Kampuni ya Magadi Soda ilikuwa inatafuta namna ya kusafirisha magadi kutoka ziwani hadi reli kuu ya Mombasa. Tawi lake lilianzia Konza, likakamilika mwaka 1915, na Kajiado ikawa stesheni njiani. Stesheni ilivuta ofisi ya mkuu wa wilaya (DC), ofisi ikavuta maduka ya Wahindi yenye baraza mbele, maduka yakavuta wafugaji waliokuja na mbuzi na kurudi na sukari, majani ya chai na mashuka. Siku hizo karibu kila mtu alikuja kwa miguu, wengi wakiswaga mifugo, na mwenye duka aliyejenga mbali na wenzake asingeuza kitu. Ndiyo maana mji ulijikusanya. Baraza za maduka ya zamani zilimpa mpita njia kivuli cha kusimama bila kudaiwa chochote, na hadi leo ukipita kwenye duka lenye baraza utakuta watu wameketi wakizungumza bei ya ng'ombe.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa mbuga. Nyanda za Athi na Kaputiei zilikuwa malisho ya Wamaasai wa Ilkaputiei na wanyama wa porini kwa pamoja. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini, kwenye mto Mbagathi, uliachwa bila ua ili nyumbu na pundamilia waendelee kutoka msimu wa mvua na kurudi kiangazi. Kwenye barabara ya Namanga kulikuwa na kituo kidogo tu cha biashara, Noonkopir, jina ambalo bado linatumika kwa sehemu ya zamani ya mji. Hapo mtu alipata bucha, chai na duka la bidhaa za nyumbani. Palikuwa mahali pa kupitia.

Mambo yalibadilika kwa karatasi. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu jamii za wafugaji kusajili ardhi yao kama ranchi za kikundi, hati moja kwa wanachama wengi. Serikali na wafadhili walitumaini kwamba mfugaji mwenye hati angepata mkopo, angechimba bwawa, angepunguza mifugo. Matumaini hayo hayakwenda mbali. Vijana waliokuwa wakikua walitaka sehemu zao, wazee waliogopa kwamba viongozi wa ranchi wangejigawia, na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa wanachama, kila mmoja na hati yake. Simlaumu mwanachama hata mmoja. Aliyeona ardhi ya mababu ikichukuliwa kwa mikataba alikuwa na kila sababu ya kutaka karatasi yenye jina lake.

Lakini mgawanyo ulianza hapo, haukuishia hapo. Mwenye ekari nyingi akauza kumi kulipa karo au hospitali. Mnunuzi akazikata ekari moja moja. Wa tatu akakata hamsini kwa mia, ile thumni ya ekari ambayo kila Mkenya wa mjini anaijua kwa futi zake. Kila mkataji alimwita mpimaji wake, akaacha barabara ya kuingilia ndani ya kipande chake mwenyewe, ya mita 9 au 6, na barabara hiyo ikaishia kwenye ua wa jirani. Jirani naye akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja alihakikisha kwamba gari la mnunuzi wake linafika kwenye ploti kutoka lami, basi. Njia ya kukata kutoka ploti za huyu kwenda ploti za yule haikuwa mali ya mtu, kwa hiyo haikuchorwa. Vijia vya zamani vya ng'ombe, ambavyo vilikuwa vimeunganisha boma na maji kwa vizazi, vikawa ndani ya nyua za watu.

Watu nao walikuwa wanakuja. Athi River, ng'ambo tu ya hapa, ilikuwa na Tume ya Nyama ya Kenya tangu mwaka 1950 na kiwanda cha saruji baada yake. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo la EPZ likafunguliwa kando ya barabara ya Namanga. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya kushona viliajiri maelfu, wengi wao wanawake, na kwa mishahara ile nauli ya kila siku ilikuwa anasa. Wakapanga vyumba karibu. Ukisimama kwenye barabara hiyo alfajiri utawaona wakienda kazini kwa makundi, leso mabegani, wakitembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu ndipo palipo pagumu. Baadaye walikuja wafanyakazi wa Nairobi waliokimbia kodi za nyumba, kisha wastaafu waliotaka nyumba yenye ua. Barabara ya kutoka Athi River hadi Namanga na kuendelea Arusha ilipojengwa upya, magari yakaongezeka na mwendo pia. Sensa ya 2009 iliikuta Kitengela na watu wapatao 58,000. Ya 2019 iliwakuta zaidi ya 154,000. Mji uliongezeka karibu mara tatu katika miaka kumi.

Na hao wote wanakula, wananyoa, wanavaa. Hapa ndipo biashara ya Kitengela inapovutia, na ndipo wanaoupanga mji wanapoikosea. Ukipita juujuu utadhani ni ya maduka makubwa ya kando ya lami: supamaketi, benki, duka la vifaa vya ujenzi lenye mabati na mifuko ya saruji hadi nje. Hayo yapo na nayaheshimu. Lakini saa kumi na mbili jioni, matatu zinapomwaga watu steji, soko lingine linafunguka. Mama mboga ameketi nyuma ya meza yake ya mbao, taa ya sola imening'inia kwenye mwavuli. Mteja hasemi neno ila kiasi cha pesa. Mama anashika majani ya sukuma wiki, anayakunja, anayakata laini kwa kisu kilicholiwa hadi kimekuwa chembamba, yanaangukia kwenye mfuko, nyanya tatu na kitunguu juu yake, na pesa zimeshatumwa kwa M-Pesa kabla hajafunga. Kando yake kuna wa mayai na smoki, wa samaki wa kukaanga, wa mitumba aliyetandaza viatu vya watoto kwenye turubai, wa mahindi ya kuchoma. Mita mia mbili za njia ya kuingia mtaani hulisha nyumba nyingi kuliko nyama na mkate wa supamaketi. Kila mmoja wa wachuuzi hao amekaa mahali alipo kwa hesabu moja: watu wangapi hupita hapa kwa miguu.

Yeyote anayetaka kujua njia za kweli za Kitengela asifungue ramani. Afuate vibanda. Palipo na vibanda vitano mfululizo pana watu wanaopita kila siku, iwe serikali imepatambua au haijapatambua. Askari wa kaunti wakivibomoa, hurudi, na hurudi palepale, kwa sababu wapita njia nao hawajahama. Katika miaka ya karibuni Wakenya tumeona supamaketi za Uchumi, Nakumatt na Tuskys zikianguka na kuacha majengo matupu na wasambazaji wakidai, kisha Naivas na Quickmart zikachukua nafasi. Katika misukosuko yote hiyo mama mboga wa njia ya mtaani aliendelea kufungua jioni. Biashara yake inategemea miguu ya jirani, na jirani hakupungua.

Lakini anafanya kazi juu ya nini? Udongo wa hapa ni mweusi, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unaweza kuingia kwenye ufa, na unaoshika kiatu mvua ikinyesha mpaka ukakiacha nyuma. Wakati wa masika utaona akina dada wakishuka matatu, wakitoa gambuti kwenye mfuko, wakiweka viatu vya ofisini humo. Asubuhi mambo hugeuka, na kwenye steji hukosi vijana wenye ndoo na brashi wanaosafisha viatu vya wanaokwenda Nairobi. Mtaro ukiwepo huwa umefunikwa nusu, na nusu iliyofunikwa imekaliwa na gari la mtu aliyeingia bucha. Mtembea kwa miguu hushuka barabarani. Kenya nzima, watu wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa na magari, na kwenye barabara ya malori yaendayo Tanzania hilo halihitaji kuelezwa. Mwenye mtoto mgongoni, mzee wa fimbo, mtu wa kiti cha magurudumu: kwao maduka yaliyo upande wa pili wa lami ni kana kwamba yako mji mwingine.

Nairobi, ambako watu wanne hivi kati ya kumi husafiri kwa miguu tu, ilipitisha mwaka 2015 sera yake ya usafiri usiotumia injini. Utekelezaji wake haujakamilika, lakini barabara kadhaa za katikati ya jiji sasa zina njia pana za waendao kwa miguu, na wenye maduka wa barabara hizo hawajafunga kwa kukosa magari mlangoni. Kaunti ya Kajiado ilizaliwa mwaka 2013, baada ya Baraza la Kaunti la Olkejuado kuvunjwa, ikairithi Kitengela ikiwa tayari imekatwakatwa. Ilirithi pia mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto, uliotaka malisho yasikatwe vipande vidogo. Mpango huo uliandaliwa kwa kuwasikiliza wenye ardhi wenyewe, na ulistahili kufuatwa kuliko ulivyofuatwa.

Siwezi kuizungumzia njia ya mtu nikaacha njia ya mnyama, kwa sababu zilizibwa na ua uleule. Nyumbu wa nyanda hizi, waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970, wamebaki elfu chache. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka waache ardhi wazi, bila kuikata wala kuizungushia waya, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa pesa hizo. Lakini dola 4 hazikuweza kushindana na mnunuzi wa hamsini kwa mia. Simba nao walijikuta katikati ya maboma: mwaka 2012 sita waliuawa eneo la Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na mwaka 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi Isinya na askari wa wanyamapori, watu wakiwa wamemzunguka. Mfugaji aliyepoteza mbuzi alipata hasara ya kweli. Ninachosema ni kwamba ardhi iliyokatwa bila njia humfungia kila anayetembea, wa miguu miwili na wa minne.

Sasa hivi mawe ya mipaka yanachimbiwa Kisaju na Isinya, hatua kwa hatua kuelekea Kajiado. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka anayekata ardhi apate kibali cha kaunti kwanza, na hapo ndipo kaunti inaweza kufanya kazi ambayo mwaka 1988 haikufanywa na mtu. Mchoro wowote wa ploti unaoletwa mezani uonyeshe njia ya mguu inayotoka kwenye kipande hicho na kuingia cha jirani, upana wa mita 3, isiyo ya gari, na pembeni yake nafasi za vibanda zilizohesabiwa na kulipiwa leseni. Wauza ploti watasema inapunguza idadi ya vipande. Itapunguza vichache. Kwa Kitengela yenyewe kazi ni ngumu zaidi, maana ardhi ya njia itabidi inunuliwe upya, ploti moja kila mahali ambapo mitaa miwili imepeana mgongo. Ningeanza kati ya mitaa iliyo karibu na shule za msingi, ambako watoto huzunguka kupitia barabara kuu asubuhi na jioni, nyumba zao zikionekana kutoka darasani.