Mwaka Mmoja wa Rusinga Usio na Nambari

Machi 15, mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliuawa kwa visu mjini Roma. Siku inajulikana, wauaji wanajulikana, sababu zao zimeandikwa. Lakini ukimuuliza mwanahistoria ni viwavi gani waliokuwa wakitafuna majani ya Roma asubuhi hiyo, hana jibu. Rusinga mambo yamegeuka. Mwaka wenyewe haujulikani wala hautajulikana, ila viwavi wapo, wamegeuka mawe wakiwa na umbo lao kamili.

Mwaka ninaousema ni mmojawapo wa miaka ya zamani mno, milioni 18 hivi iliyopita. Leo ukivuka kutoka Mbita kuingia kisiwani, Kaunti ya Homa Bay, unazungukwa na maji na mashua za wavuvi wa omena. Enzi hiyo hapakuwa na kisiwa, kwa kuwa hapakuwa na ziwa. Ziwa Viktoria ni mtoto wa juzi, halijatimiza hata miaka milioni moja. Kilichokuwapo ni mlima. Volkano ya Kisingiri, ambayo mabaki yake yanaonekana hadi sasa upande wa Gwassi na Rangwa, ilitema majivu mara kwa mara juu ya misitu na mabonde yaliyoizunguka.

Siri yote imo katika majivu hayo. Yalikuwa na kaboneti nyingi, ya jamii moja na yanayotoka Ol Doinyo Lengai kule kaskazini mwa Tanzania, volkano pekee duniani ya aina hiyo inayolipuka mpaka leo. Yakinyeshewa, yalishika kama saruji. Kilichofunikwa hakikupata nafasi ya kuoza: mbegu, matunda, wadudu, hata kichwa cha mjusi ambaye ulimi wake bado umo kinywani. Mahali pengi duniani mtafiti hushukuru akipata jino. Hapa amepata ulimi.

Na dunia nzima ilikuwaje? Antaktika ilikuwa tayari na barafu yake. Bara la Afrika, lililokuwa limetengwa na bahari kwa muda mrefu, lilikuwa likigusana na Asia kupitia Uarabuni, na jamaa za tembo walikuwa wameanza kutoka huku kwetu kwenda kutawanyika ng'ambo. Mmoja wa ukoo huo, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, alipatikana Karungu, sasa Kaunti ya Migori, akapewa jina la kisayansi mwaka 1911 kwa heshima ya Hobley, mtawala wa kikoloni. Mwaka huohuo Felix Oswald alitumwa kutoka Uingereza kuchimba Karungu. Louis Leakey alianza kufanya kazi Rusinga mwaka 1931.

Habari iliyokitia kisiwa magazetini ilikuja mapema Oktoba 1948. Louis alikuwa akishughulika na mifupa ya mamba wa kale. Mkewe, Mary, ambaye mamba hawakumvutia sana, akaenda zake kukagua mteremko wa jirani na kuona jino likichungulia. Vipande vilipounganishwa likatokea fuvu lenye uso wa nyani mkubwa wa kale. Mary alisafiri nalo kwa ndege hadi Uingereza, akiwa amelipakata. Wakati huo nyani huyo aliitwa Proconsul; tangu 2015 nyani wa Rusinga wanaitwa Ekembo, jina lililotolewa katika lugha ya Abasuba. Spishi ndogo inaitwa Ekembo heseloni, kumkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu heshima hiyo ilichelewa, maana iliwekwa rasmi mwaka 1993 tu, ilhali majina ya Wazungu yalikwisha kubandikwa kwenye mifupa yetu tangu enzi ya Hobley.

Ekembo huyo mdogo alikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Alitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama tumbili, lakini hakuwa na mkia. Mifupa mingi ya mmoja wao ilitoka ndani ya kitu ambacho mwaka 1951 kilidhaniwa kuwa shimo la kawaida lililojaa mawe. Miaka ya 1980 Alan Walker na Martin Pickford walikuta vipande zaidi vya mnyama yuleyule vikiwa vimelala kwenye droo za makumbusho Nairobi, vimechanganywa na mifupa ya wanyama wengine. Walipolirudia lile shimo waligundua kuwa lilikuwa shina la mti lenye uwazi ndani. Majivu yalikuwa yameuzika mti ukiwa umesimama. Mwaka 2014 watafiti wengine walieleza visiki na mizizi ya msitu mzima mahali pengine kisiwani: miti iliyobanana, joto, mvua ya kutosha, na kiangazi katikati.

Hata siku zinahesabika. Jino likiota, gamba lake huacha mstari mwembamba kila siku. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliosoma mistari hiyo ndani ya meno ya nyani hawa ili kujua yalichukua muda gani kukua. Kwa hiyo mtoto wa nyani wa Rusinga ana kumbukumbu ya siku zake, siku baada ya siku, ila hakuna awezaye kusema zilikuwa siku za mwaka gani. Umri wa tabaka hupimwa kwa fuwele zilizotoka na majivu: potasiamu iliyomo hugeuka argoni polepole, kuanzia siku volkano ilipolipuka. Vipimo vya 1988 viliweka tabaka nyingi karibu na miaka milioni 17.8, vya baadaye vimezisogeza baadhi nyuma zaidi, na mjadala haujafungwa.

Kila masika maji hufunua mifupa mipya kwenye makorongo ya kisiwa. Sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi inakataza mtu kujichukulia, na wachimbaji wana sababu yao wenyewe ya kulikazania jambo hilo: jino lililookotwa na kutiwa mfukoni limeshatengana na tabaka lake, na fuwele zilizo chini yake haziwezi tena kulipa umri.