Nje ya Malango ya Visby

Kufikia saa sita mchana mpwa wangu alikuwa ameshakufa mara tano. Tulikuwa tumemnunulia upanga wa mbao pale sokoni, na kila alipopigwa na mtoto mwenzake alianguka kwenye nyasi, akatoa ulimi nje, akahesabu hadi kumi, kisha akafufuka. "Anko, nimekufa tena!" Cucu yake, yaani mama yangu, alikuwa ameketi kwenye gogo na shali yake begani, akimtazama bila kucheka.

Visby ni mji mdogo kwenye kisiwa cha Gotland, Uswidi, katikati ya Bahari ya Baltiki. Kila Agosti, wiki ya 32 ya mwaka (Waswidi huhesabu wiki kwa namba, unazoea), mji hujaa makumi ya maelfu ya watu waliovaa kama watu wa karne ya 14. Sherehe inaitwa Medeltidsveckan, Wiki ya Enzi za Kati, na ilianza 1984. Dada yangu anaishi Stockholm na wanawe wawili. Mama alikuwa amekuja kuwaona, mimi nikiwa msindikizaji, basi tukapanda feri ya alfajiri kutoka Nynäshamn, zaidi ya saa tatu majini, ili watoto wakaone mashujaa wa farasi.

Nakiri nilienda na dharau kidogo. Wazungu wazima, watu wa ofisini, wamevaa soksi za sufu mwezi wa nane na kuitana bwana mkubwa. Lakini raha ni raha. Kulikuwa na mhunzi akipiga chuma, moshi wa kuni, ngoma na zumari, wanawake waliofunga vilemba vya kitani kama mama zetu kanisani. Chakula walikichukulia kwa uzito: hakuna nyanya wala viazi, kwa sababu mwaka 1361 viazi vilikuwa bado havijafika Ulaya kutoka Amerika. Dada alipomtafsiria Cucu jambo hilo, alinyamaza kwanza. "Hawana waru? Sasa hawa watu waliishi aje?"

Kwa nini 1361 na si mwaka mwingine? Hapo ndipo raha inapoanza kuwa na uzito.

Mwezi wa Julai mwaka huo, Mfalme Valdemar Atterdag wa Denmark alishusha jeshi lake Gotland. Lilikuwa jeshi la watu waliozoea vita. Waliotoka kulizuia ni wakulima wa kisiwa. Tarehe 27 Julai, Jumanne, walikutana naye mbele ya ukuta wa Visby, na hapo wakachinjwa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kama 1,800. Ukuta upo hadi leo, takriban kilomita 3.4 ukizunguka mji, una minara, una malango. Siku ile malango yalifungwa. Watu wa mjini walibaki ndani. Siku mbili baadaye wakajisalimisha kwa mfalme, naye akawathibitishia haki zao za biashara.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani ni woga tu. Kumbe kulikuwa na deni la zamani. Wakulima wa Gotland hawakuwa maskini wa kushika jembe peke yake. Walikuwa wafanyabiashara wa baharini karne nyingi kabla mji haujapata nguvu. Mwaka 1999, kwenye shamba linaloitwa Spillings, ilichimbuliwa hazina ya fedha ya kilo 67 hivi, iliyofukiwa katika karne ya 9. Ndani yake mna sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiarabu, kutoka nchi za Kiislamu. Shambani kwa mkulima! Baadaye wafanyabiashara wa mjini, wengi wao wenye asili ya Kijerumani, wakaishika biashara ile, wakajenga ukuta, na mwaka 1288 mji na mashamba wakapigana vita kamili. Kwa hiyo ule ukuta haukumngoja Mdenmaki tu. Ulijengwa pia ili kumzuia jirani. Miaka 73 baadaye jirani huyo akafa akiwa ameupa mgongo.

Wenyeji wana hadithi nyingine wanayoipenda zaidi. Ati Valdemar aliweka mapipa matatu makubwa ya bia uwanjani, akaagiza yajazwe dhahabu na fedha kabla jua halijatua, la sivyo mji utaporwa. Mchoraji Carl Gustaf Hellqvist aliichora mwaka 1882, picha kubwa yenye huzuni, na kila mtoto wa shule Uswidi anaijua. Wanahistoria wengi huichukua kama hadithi iliyozuka baadaye. Mimi naona kwa nini iliwafaa watu wa mjini: ndani ya hadithi hiyo walioumia ni wao, na kilichopotea ni mali.

Wakulima walizikwa kwa pamoja, nje. Wataalamu walianza kuyachimba makaburi yale mwaka 1905, wakarudi 1912, kisha tena 1928 hadi 1930. Walitoa mabaki ya watu wasiopungua 1,185. Kwa kawaida maiti wa vita walivuliwa chuma chote, kwa sababu chuma kilikuwa pesa, lakini hawa wengi walitupwa shimoni wakiwa bado na kofia zao za pete za chuma, labda kwa sababu ya joto la Julai na wingi wa maiti. Majeraha mengi yako kwenye miguu, chini ya goti. Na kama theluthi moja walikuwa wavulana, wazee au walemavu.

Nimeona baadhi ya mafuvu hayo kwenye jumba la makumbusho la Gotland, mjini. Mpwa wangu aliingia mbio na upanga wake, akasimama mbele ya kabati la kioo, akauliza, "Huyu alikuwa na miaka mingapi?" Yeye ana kumi na mbili. Dada akamwambia atoke nje, anywe maji.

Alasiri tulitoka nje ya ukuta kutafuta kivuli. Upande wa mashariki kuna mahandaki ya zamani, siku hizi bustani, watu wamelala kwenye nyasi na aiskrimu. Mahali hapo panaitwa Östergravar. Dada alitueleza kwamba neno hilo la Kiswidi lina maana mbili, handaki na kaburi. Cucu akasimama. Aliangalia handaki, akainua macho hadi juu ya mnara, akarudi kwenye handaki.

"Sisi tulichimbishwa," alisema.

Hakuwahi kutuambia. Nilijua tu yale ya vitabuni: kwamba kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu zaidi ya milioni moja hadi kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, ili wasiwapelekee Mau Mau chakula msituni. Mwaka huo mama alikuwa na miaka minane, Nyeri. Alisema mama yake alichimba na mtoto mgongoni. Alisema kulikuwa na daraja la mbao lililoinuliwa jioni, na ngati juu ya mnara, na kwamba yule ngati walimjua, alikuwa mtu wa ukoo wa karibu. Usiku mmoja mtu alichelewa kurudi kutoka mtoni, akaita kutoka ng'ambo ya mtaro. "Tulikuwa tunamsikia," alisema, na hakuendelea.

Mpwa wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha simu za Jumapili, alikuwa ameshika neno moja moja. "Cucu, hata kwenu kuna festivali?"

"Bado," alisema Cucu.

Nilipiga hesabu kimyakimya. Kutoka vita vya Visby hadi sherehe ya kwanza ni miaka 623. Mtaro wa Cucu una kama sabini.

Kabla ya feri ya jioni alitaka kuona walipozikwa. Ni mwendo mfupi kutoka ukutani, na hakuna soko wala ngoma huko, ni nyasi tu na msalaba wa jiwe, wa duara, wa zamani sana. Una maandishi ya Kilatini. Dada akasoma tafsiri yake kwenye simu: kwamba mwaka 1361, Jumanne baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Wagotland waliangukia mikononi mwa Wadenmaki mbele ya malango ya Visby, na wamezikwa hapa.

"Basi?"

"Halafu kinasema, waombeeni."

Cucu ni Mkatoliki, na hapo alikuwa ameombwa. Alimpa mpwa wangu mkoba wake, akafunga macho, akaanza kwa Gikuyu. Sala zake ni ndefu, zinataja watu mmoja mmoja. Hawa hakuwajua majina, kwa hiyo alitaja wa kwao. Kijana alihamisha upanga mkono mmoja hadi mwingine, akauweka chini polepole kwenye nyasi, akaushika mkoba kwa mikono yote miwili. Dada alinionyesha saa kwa ishara. Feri ilikuwa imebakisha dakika arobaini, na Cucu alikuwa bado hajafika kwa wajomba zake.