Mpiga Picha katika Harusi za Pwani

Harusi ya pwani ilikuwa na watumishi wake tangu zamani, na kila mmoja alichaguliwa kwa kipimo kilichojulikana. Mwalimu wa kuozesha alitakiwa elimu. Somo wa mwari alitakiwa utu uzima na ulimi uliofungwa. Mpishi wa pilau alitakiwa mkono usiokosea. Mpiga picha alikuja nyuma ya hawa wote, na alikuja na ombi ambalo hapana mwanamume mwengine wa kando aliyepata kulitoa katika nyumba ya harusi: aliomba kumtazama bibi harusi, tena kwa kumkazia jicho, tena kwa muda. Kwa sababu hiyo, kumchagua yeye hakukuwa jambo la fedha tu.

Ufundi wenyewe ulitangazwa Paris mwaka 1839, kwa jina la Louis Daguerre. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa Februari 1840, na hakuna picha ya kamera ya siku ile. Iliyobaki ni kazi ya wachoraji. Picha ya malkia na mumewe ambayo watu wengi huidhania kuwa ya harusi yao ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854, miaka 14 baada ya ndoa. Binti yao mkubwa alipoolewa tarehe 25 Januari 1858, alisimama na wazazi wake mbele ya kamera kabla ya kwenda kanisani. Binti na baba walitoka vema. Malkia alikuwa akitetemeka kwa mashaka ya kumwoza mwanawe, na sura yake ikatoka kama ukungu. Kamera ya wakati ule ilitaka mtu atulie kama jiwe, na mama wa bibi harusi hawezi kutulia. Labda kasoro ile ndiyo kweli pekee iliyomo katika picha ile.

Unguja nayo ilikuwa na binti mfalme wa zama hizo hizo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka kwao mwaka 1866, na mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete mjini Aden. Picha zake mashuhuri, akiwa katika mavazi ya wanawake wa ukoo wake, zilipigwa Hamburg. Mavazi yale yalikuwa ya nyumbani. Jicho lililoyatazama halikuwa la nyumbani. Kama angalibaki Unguja na kuolewa na mtu wa ukoo, haielekei kwamba dunia ingalijua sura yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa na mafundi wake wa picha. Waliotangulia kupata jina ni Wagoa, A. C. Gomes na J. B. Coutinho miongoni mwao, waliopiga picha za watu wakubwa, za majumba na za njia za mji, wakauza kadi za posta kwa abiria wa meli. Kwa Wagoa wenyewe, waliokuwa Wakristo, hapakuwa na pingamizi la picha ya harusi, kwa kuwa bibi harusi wao alitoka kanisani uso wazi. Pingamizi lilikuwa katika nyumba za Waislamu zenye kutawisha. Huko harusi ilikuwa mbili ndani ya moja. Wanaume walikuwa na nikaha yao, msikitini au barazani. Wanawake walikuwa na yao ndani, ambako bibi harusi alipambwa, akatiwa hina, akaketishwa na kuonyeshwa kwa wanawake wenziwe. Fundi wa kiume aliweza kuipiga picha ile ya kwanza, ambayo bibi harusi hayumo. Ile ya pili, ambayo ndiyo iliyotakiwa, mlango wake ulimfungia.

Njia ya katikati ilipatikana katika studio. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942, akaendelea mpaka miaka ya 1980. Katika vyumba vya namna hii harusi ilipigwa picha baada ya kwisha. Mke alikuja na mumewe, au na mama na dada zake, amejifunika buibui. Mlango ukafungwa, buibui likavuliwa, na chini yake zikatokea nguo za harusi. Fundi alipanga taa, akainamisha kichwa kidogo, akageuza viganja ili hina ionekane kabla haijafifia. Baadaye, kwa kalamu yenye ncha nyembamba, mafundi wa zama hizo walisawazisha uso juu ya filamu yenyewe, wakiondoa chunusi na dalili za usingizi. Wanaodharau picha hizi kwa kuwa zilipangwa hawatendi haki. Harusi ya ndani nayo hupangwa: bibi harusi huketishwa, huinamishiwa kichwa, huamriwa asicheke. Studio iliihamisha desturi ile, haikuivunja.

Lakini kwa nini mzazi mwenye kuona haya hata kwa shemeji alikubali binti yake atazamwe na fundi wa Kihindi au wa Kigoa? Jibu moja lililo karibu na akili ni kwamba fundi yule alikuwa mbali. Hakuoa katika ukoo, hakuketi katika baraza ile, hakusali katika msikiti ule. Alichokiona hakikuwa na njia ya kurudi mtaani kwa maneno. Ugeni wake ulifanya kazi ya pazia.

Pazia hilo lilikuwa na tundu. Studio iliishi kwa kuonyesha kazi zake, na pahali pa kuonyesha palikuwa dirishani, kando ya njia. Picha nzuri kupita zote ndiyo iliyofaa kuvuta wateja, na picha ya bibi harusi mara nyingi ndiyo nzuri kupita zote. Tena mteja aliondoka na nakala, na filamu ikabaki kwa fundi, sandukuni, miaka na miaka. Kwa hiyo swali la familia yenye busara halikuwa «Anapiga vizuri?» bali «Anaziweka wapi?» Fundi aliyetundika sura ya mke wa mtu bila idhini aliweza kupoteza mtaa mzima, hata kama taa zake hazina mfano.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili mambo Unguja. Wahindi na Wagoa wengi waliondoka. Oza alibaki, na kazi ikashikwa baadaye na mwanawe Rohit. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, aliendesha studio iliyopata sifa kwa picha za kuunganisha, sura ya mtu ikichomoza ndani ya ua au ndani ya kitu cha nyumbani. Bakor alikuwa mtu wa mji wake. Ule umbali wa Mhindi na Mgoa haukuwapo, na mahali pake ilibidi pashikwe na uaminifu wa jirani kwa jirani, ambao ni ghali zaidi na huvunjika upesi zaidi.

Video ilipoingia katika miaka ya 1980, haja ya studio ilipungua, kwa kuwa kamera sasa ilitaka kuingia ukumbini penyewe, wanawake wakicheza. Ndipo wanawake waliposhika kazi hii katika miji ya pwani. Hesabu ya kale ikapinduka: aliyetakiwa sasa hakuwa mgeni wa mbali, ila mwenye haki ya kuwa ndani. Hata hivyo ukanda ulitazamwa sebuleni, na sebuleni wako kaka, mume na marafiki zake. Jicho lililopiga lilikuwa halali. Macho yaliyofuata hayakuwa na mlinzi.

Simu zenye kamera ziliongeza taabu, maana kila mwalikwa amekuwa mpiga picha asiyechaguliwa na mtu. Katika harusi nyingi za wanawake, Mombasa na Unguja, wako watu mlangoni wa kukagua mikoba na kuziweka simu kando mpaka shughuli iishe. Aliyeajiriwa huruhusiwa kupita na kamera yake. Na ziko familia ambazo, akishamaliza, humtaka atoe kadi ya picha na kuikabidhi kwa mama wa bibi harusi kabla hajavaa viatu.