Altezza, BMW na Benz: ugomvi wa zamani wa magari madogo

 

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile: kati ya BMW, Benz na Altezza, lipi kali? Vijana wa ukoo wameshagawanyika kama Simba na Yanga. Basi nijibu hapa mara moja, kila mtu asome. Jibu langu ni la historia, maana ukijua magari haya yametoka wapi utaona kwamba Altezza si la kuchekwa. Na si la kuchezea pia.

Tuanze mwaka 1959. Wakati huo BMW ilikuwa mahututi. Ilikuwa inatengeneza magari makubwa ambayo wanunuzi walikuwa wachache, pamoja na vigari vya Isetta vyenye mlango kwa mbele. Tarehe 9 Desemba wenye hisa wakakutana Munich, na mezani kulikuwa na mpango wa kampuni kuchukuliwa na Daimler-Benz, yaani hawa hawa majirani zangu wa Stuttgart. Wenye hisa wadogo na mawakala wa mauzo wakagoma. Baadaye tajiri Herbert Quandt akaongeza fedha zake na kampuni ikapona. Kwa hiyo mkisikia BMW na Benz ni mahasimu, jueni kwamba mmoja nusura ammeze mwenzake.

Kampuni iliyopona ikaleta BMW 1500 ya milango minne mwaka 1962. Mwaka 1966 likafuata gari dogo zaidi la milango miwili, na mwaka 1968 likawekewa injini ya lita 2, likaitwa 2002. Hiyo ni namba tu, wala si mwaka. Lilikuwa na nguvu za farasi 100, ambazo leo ni kidogo, lakini uzito wake ulikuwa karibu kilo 1,000. Baba mwenye familia aliweza kwenda nalo kazini Jumatatu na kufurahia kona za milimani Jumapili. Mwaka 1975 mrithi wake akaitwa 3 Series, jina linaloendelea hadi leo.

Siri ya gari lile ni mizani. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega atanielewa: ndoo zikiwa sawa unatembea na kugeuka bila taabu, moja ikizidi unayumba. BMW walilaza injini kwa urefu na kuirudisha nyuma kidogo. Magurudumu ya mbele yakabaki na kazi ya kukata kona, ya nyuma yakapewa kazi ya kusukuma. Audi walipita njia nyingine. Injini yao ilikaa mbele ya ekseli, pua ikawa nzito, na kwenye kona ya kasi gari lilitaka kwenda moja kwa moja. Dawa yao tangu 1980 ikawa quattro, yaani magurudumu yote manne kuvuta. Hapo msiwadharau. Theluji ikianguka huku, Audi ya quattro inapanda mlima huku BMW inazungusha matairi pale pale.

Na Benz je? Kwetu Benz lilikuwa gari la waziri na mkurugenzi, ndiyo maana wakubwa wakaitwa Wabenzi. Hakuna aliyelifikiria kwenye mashindano. Lakini Desemba 1982 Mercedes wakatoa 190, gari dogo kuliko yote waliyokuwa wakiuza wakati ule. Uzuri wake umejificha chini, upande wa nyuma. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na vyuma vitano, ili tairi lisimame vizuri barabarani hata bodi ikilala kwenye kona. BMW za wakati ule zilikuwa na mkono mmoja mnene kila upande. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, tairi linabadili pembe na mkia unatoka. Ilibidi tungoje mpaka 1990 ndipo 3 Series mpya ikaja na mpangilio wa vyuma vingi nyuma.

Mercedes hawakuishia hapo. Walipeleka injini ya 190 kwa Waingereza wa Cosworth wakaitengenezee kichwa chenye valvu 16. Agosti 1983 wakaenda Nardò, kusini mwa Italia, wakakimbiza gari hilo kilomita 50,000 kwa wastani wa kilomita 247.9 kwa saa, na vituo vya mafuta na matengenezo vikiwa vimehesabiwa humo humo. Tarehe 12 Mei 1984, kiwanja kipya cha Nürburgring kilipofunguliwa, wakawapa madereva 20 magari ya 190 yanayofanana. Humo walikuwamo mabingwa 9 wa dunia. Aliyeshinda ni kijana wa Brazil wa miaka 24 ambaye wengi hawakumjua vizuri: Ayrton Senna. Niki Lauda akawa wa pili. Ukiwapa watu gari moja, tofauti inabaki kwa dereva. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

BMW wakajibu mwaka 1986 kwa M3. Sheria ya mashindano ilidai magari 5,000 yatengenezwe ndani ya miezi 12, kwa hiyo mtu wa kawaida mwenye fedha akaweza kununua gari la mashindano lenye namba za barabarani. Injini ilikuwa ya silinda 4 tu, lita 2.3, nguvu za farasi 200. M3 ikachukua ubingwa wa DTM, ligi ya magari ya Ujerumani, mwaka 1987 na tena 1989. Mercedes wakaja na 190 Evolution II mwaka 1990. Yalitengenezwa 502 tu, yenye bawa kubwa juu ya buti, na mwaka 1992 Klaus Ludwig akalitwalia ubingwa. Baada ya hapo mambo yakawa ya misuli. Mwaka 2007 M3 ilikuwa na silinda 8 na nguvu za farasi 420, na C63 ya Mercedes iliyoikabili ilikuwa na 457.

Wajapani walikuwa wanatazama yote haya. Mwaka 1998 Toyota wakatoa Altezza, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Nobuaki Katayama. Huku Ulaya gari hilo hilo liliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Hivyo lile mnaloliita gari la vijana wa mtaani, huku lilikuwa kwenye duka moja na magari ya wakurugenzi, na shabaha yake ilikuwa 3 Series. Injini kwa urefu, imerudishwa nyuma, magurudumu ya nyuma yanasukuma, uzito karibu nusu kwa nusu. Ile RS200 yenye gia 6 za mkono ilitoa nguvu za farasi 210 kutoka lita 2 bila tabo. Japani ikalichagua gari bora la mwaka. Hata zile taa zake za nyuma zimeigwa dunia nzima, na kwa Kiingereza bado zinaitwa taa za Altezza.

Je, lilimshinda Mjerumani? Kwenye kona lilisimama naye bega kwa bega. Kwenye mstari ulionyooka liliachwa, maana IS 200 ilikuwa na farasi 155 na BMW 328i ya mwaka ule 193. Hilo ndilo jibu langu kwa pande zote mbili za ukoo, msigombane tena.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Altezza lilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2005, kwa hiyo hata changa kabisa lina umri wa mtu mzima. Likifika nyumbani mmoja anakata springi liwe chini, mwingine anaweka spesa liwe juu. Matairi ya mbele yanatoka duka moja na ya nyuma duka jingine, yote mitumba. Ile mizani iliyofanyiwa kazi kwa miaka imeondolewa kwa msumeno wa fundi mchana mmoja. Halafu anapewa kijana aliyejifunzia Corolla au Starlet. Gari linalovutwa mbele likizidiwa linakuonya kwa kwenda moja kwa moja, ukipunguza mafuta linarudi. Gari linalosukumwa nyuma, mvua ikinyesha, linakugeuza lenyewe, na kuachia mafuta kwa hofu kunaweza kuzidisha balaa.

Huku kila baada ya miaka 2 gari linakaguliwa shokapu, breki na matairi, na ukibadilisha springi lazima ziidhinishwe. Wajerumani hawana mapenzi zaidi na maisha kuliko sisi. Wameandika sheria tu, nasi tunaweza kujiwekea yetu ndani ya familia.

Basi anayetaka Altezza, BMW au C-Class, afanye haya kabla ya kununua rimu na redio. Asome ubavu wa tairi: zile tarakimu nne, mfano 2308, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008. Tairi hilo ni la kutupa hata kama linang'aa. Anunue manne ya aina moja. Arudishe springi za kiwandani, abadilishe bushi na shokapu. Halafu aende uwanja mtupu siku ya mvua, na mtu mzima pembeni, ajifunze mkia unavyotoka kwa mwendo wa kilomita 30 kabla hajakutana nao kwa 120.

Anayeuza gari na ana swali la bei aniulize kwa simu. Msalimieni bibi, mwambieni zile soksi za sufu nimezipata.