Mlima Marsabit na Tembo Wake

Wasikilizaji wetu, leo twawachukua safari ya mbali, kaskazini mwa Kenya, hata mji mdogo wa Marsabit. Msafiri atokaye Isiolo huvuka nyika kavu ya mawe na miiba, kisha huona mbele yake mlima mweusi kwa misitu. Mlima huo zamani ulitoa moto. Moto ulipozimika yakabaki mashimo makubwa, na katika mojawapo limo ziwa.

Mtu aweza kuuliza, msitu huu waishije katikati ya ukame? Ni ukungu. Usiku upepo wenye unyevu hupanda mlimani, nao unyevu huo hugeuka ukungu unaonaswa na majani, ukadondoka matone chini hata asubuhi. Mito idumuyo hakuna. Maji anywayo tembo, na ayatekayo mama kisimani, yategemea miti ile ile.

Mwaka 1921 walifika huko Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani. Wakarudi mwaka 1924, wakajenga nyumba kando ya ziwa, wakalima bustani ya mboga, wakakaa hata mwaka 1927 wakipiga picha za sinema. Usiku walijificha karibu na maji wakiwangojea wanyama, na taa zao zikimulika ghafula kama radi. Ziwa wakaliita Paradise, yaani Peponi. Jina ni zuri, hatulikatai. Lakini wasomaji wa vitabu vyao wasidhani kwamba pepo hiyo haikuwa na wenyewe. Warendile, Waborana na Wasamburu walijua maji ya mlima ule muda mrefu kabla ya wageni hao, wala hawakungoja kuonyeshwa njia.

Tembo wa Marsabit walisifiwa kwa pembe zao, na sifa hiyo ndiyo iliyowaponza. Aliyejulikana kuliko wote aliitwa Ahmed. Pembe zake zilikuwa ndefu hata zikakaribia kugusa ardhi. Watu wakaogopa kwamba wawindaji watamwua, hivyo mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri ya kumhifadhi, na askari wenye bunduki wakawekwa kumlinda usiku na mchana. Hebu fikirini: mnyama wa mwituni, atembeaye apendapo, na askari nyuma yake kama wa mfalme! Akafa mwaka 1974 kwa uzee, akikadiriwa kuwa na miaka 55. Mifupa yake imewekwa katika Jumba la Makumbusho, Nairobi, na wanafunzi wengi wameiona.

Lakini tembo wasio na jina hawakuwekewa askari. Katika miaka hiyo hiyo wengi waliuawa kwa ajili ya pembe, na Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, waliosalia walikuwa wachache kuliko wa zamani.

Siku hizi ugomvi ni wa maji. Mji umekua, kuni hutafutwa msituni, na mwaka wa ukame ziwa hukauka hata ng'ombe wakapita katikati yake. Ndipo tembo hushuka mashambani, na mkulima hukesha akipiga madebe. Huyo naye ana haki yake. Mahindi yake ni chakula cha watoto.

Mvua ikinyesha ziwa hujaa tena. Atakaye kuzuru na apande alfajiri, akae kimya ukingoni. Ukungu ukiondoka polepole, kwanza ataona ndege, kisha nyati, na pengine, kati ya miti ya ng'ambo, pembe nyeupe.