Kiyoyozi cha boti kwa nguvu ya betri
Kiyoyozi kidogo cha boti hutumia takriban wati 500. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo hutosha kwa saa moja hivi. Ya lithiamu, hata ikitumiwa asilimia 80, haifikishi saa mbili, kwani inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme. Kulala kwenye ubaridi kwa muda wa saa 8 huhitaji betri 5 za lithiamu.

Gharama hiyo ina sababu: jenereta hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuwaua waliolala chumbani. Kiyoyozi cha betri hakitoi gesi hiyo.